Tuzicheke Muvi Mbovu, Tena kwa Sauti

1.
Juma lililopita tuliongea kitovu cha mtoto mchanga, watu mkaniuliza maswali mpaka usiku. Leo nawapumzisha kidogo. Leo tunaongelea muvi.

Tena siyo muvi nzuri. Naongelea zile mbovu, za bajeti ya kuungaunga, za majini na waganga na majambazi wenye bunduki za plastiki. Na msimamo wangu nauweka hapa mapema, asiyetaka apite: muvi mbovu siyo adui wa mwanao. Zinafaa kabisa kwenye nyumba yenye watoto waliokua kidogo, mradi mnaziangalia pamoja na mnazicheka kwa sauti. Mtoto wa kumhofia ni yule anayeziangalia peke yake kwenye kona, simu usoni, kimya, kwa sababu huyo anaamini kila kitu. Na kuamini kila kitu, huko mbele nitawaonyesha, kunaweza kuua.

2.
Tuanze na raha yenyewe, maana mtu asijifanye hazijui.

Jini limekaa kuzimu miaka mia tano. Linatokea sebuleni, uso mzima umepakwa poda ya mtoto, mguuni limevaa kandambili za bluu. Linapotea kwa mlio wa "shwiii", na glasi iliyokuwa mezani nayo imepotea, halafu linarudi, glasi imerudi upande mwingine. Ni usiku wa manane, kila kitu kimepakwa rangi ya bluu ili tujue ni giza, lakini kwa nyuma unamsikia muuza aiskrimu anapita na kile kimuziki chake.

Maiti iko kitandani, ndugu wanalia, na maiti inapumua. Tena inapumua vizuri kuliko mimi nikimaliza zamu ya usiku. Nzi akitua puani, maiti inakunja uso.

Yanatokea maandishi: "Baada ya miaka kumi." Mtoto kawa mkubwa, kamaliza chuo, anaendesha gari. Mama yake ni yuleyule, blauzi ileile, kalenda ukutani ileile. Matajiri wote wanaishi nyumba moja kule Mbezi, na kila ukibadilisha muvi unalikuta kochi lilelile. Steringi amepigwa risasi sita kifuani, bado anapata muda wa kuusia ukoo mzima.

Sisemi muvi ya nani. Mnazijua.

3.
Sasa njooni kwenye eneo langu, hospitali. Hapo ndipo mume wangu huniomba nitoke sebuleni, maana siwezi kunyamaza.

Mgonjwa kalazwa, kafungwa bandeji kichwani. Aligongwa na gari? Bandeji kichwani. Kavunjika mguu? Bandeji kichwani. Kaachwa na mchumba akazimia? Jamani, bandeji kichwani, na kidoa chekundu katikati. Dripu imebandikwa kwa plasta juu ya mkono, sindano hakuna, na chupa imejaa tangu muvi inaanza mpaka inaisha. Mimi dripu yangu ikigoma dakika kumi tu, ndugu wa mgonjwa wameshanijia watatu.

Halafu anaingia daktari. Koti limemzidi, kile kipimo cha kusikilizia moyo kakiweka tumboni. Anamshika dada mkono, anatafakari, anasema, "Hongera, mkeo ni mjamzito wa wiki tatu." Kwa kushika mkono! Serikali ingemjua huyu daktari, isingenunua vipimo vya mkojo tena.

4.
Kingine ni kujifungua. Kwenye muvi uchungu ni dakika mbili. Dada anashika kiuno, anapiga kelele mbili, nesi anatoka na mtoto msafi, mnene, wa miezi minne, ana nywele zimechanwa. Baba analia, wimbo unaanza.

Hapa nacheka na nyie, lakini wewe unayesubiri mtoto wa kwanza nisikilize. Mzazi wa kwanza uchungu unaweza kwenda saa kumi na mbili na kuzidi, tangu mikazo ianze vizuri mpaka mtoto atoke, na hiyo bado ni kawaida. Mtoto anatoka ana utando mweupe, ana damu, kichwa wakati mwingine kimechongoka kwa kupita njiani, na kinarudi chenyewe. Nimeona mabinti wanashtuka wakipewa watoto wao kwa sababu walitegemea yule wa kwenye muvi. Basi ukiiona ile sehemu, cheka kwa nguvu, na mdogo wako aliyekaa pembeni mwambie: hii ni chai, ukweli uko hivi.

5.
Kabla hamjaniona nadharau kazi za watu, tuelewane.

Muvi zetu za kutisha hazikuanza jana. Mussa Banzi alitoa *Nsyuka* mwaka 2003, na *Shumileta* mwaka 2005, habari ya jini la kike lililompenda binadamu. Waliokuwa watoto wa Temeke na Kinondoni wakati ule wananielewa. Kuna watu wazima leo, wana wake na watoto, ukiwatajia Shumileta bado wanaangalia nyuma. Ndiyo miaka hiyohiyo Bongo Movie ilipokuwa inakua, mpaka Kanumba akawa mtu wa kila nyumba. Alipofariki Aprili 2012, jiji lilisimama siku ile ya kumzika pale makaburi ya Kinondoni.

Watu wale walifanya kazi kwa pesa ya mawazo. Kamera moja, siku chache, nyumba ya kuazima, wasanii wanajaza nguo zao wenyewe kwenye begi. Kaseti na baadaye diski zinauzwa bei ndogo, na kabla hujauza zako mwizi kashadurufu. Ndiyo maana hadithi moja ikakatwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, uuze mara mbili. Unafika pazuri, jini limeinua mkono, ghafla: "Usikose Sehemu ya Pili." Dakika ishirini kati ya hizo mtu alikuwa anafungua geti na kupaki gari, lakini alikuwa anakula kwa jasho lake.

Kwa hiyo tunacheka poda na kandambili. Mtu aliyethubutu kutengeneza muvi hana pesa hatumcheki. Watoto nao wafundishwe tofauti hiyo.

6.
Na kucheka kwenyewe siyo jambo la kigeni kwetu. Waliopita vibanda umiza wanajua. Mabenchi ya mbao, joto, televisheni moja juu, watu mia wameshonana. Hakuna aliyekuwa anaangalia kimya. Steringi akiingia chumba chenye adui, kibanda kizima kinapiga kelele: "Nyuma yako wewe!" Muvi ikidanganya, kuna mmoja lazima atasema neno, na hilo neno ndilo mnatoka nalo mpaka nyumbani.

Kisha tukawa na watu wa kutafsiri. Kapteni Mukandala, maarufu kama Lufufu, alichukua muvi za nje akaziwekea sauti yake mwenyewe, mtu mmoja anaongea watu wote, anaeleza, anachombeza, anaongeza chumvi. Muvi ya mbali inakuwa kama imetokea mtaa wa pili. Kuna muvi ambazo zenyewe zilikuwa hovyo kabisa, sauti ya mtafsiri ndiyo iliyozibeba.

Sisi ni watu wa utani bwana. Mtani wako anaingia msibani kwako, wewe unalia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na anadai alipwe ndiyo mazishi yaendelee. Watu wanaoweza kutaniana mbele ya kifo watashindwaje kulitania jini lenye kandambili?

7.
Jirani zetu Waganda wamefika mbali zaidi. Pale Wakaliga, Kampala, kuna bwana anaitwa Nabwana. Mwaka 2010 alitengeneza muvi ya vita inaitwa *Who Killed Captain Alex?*, na anasema haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu. Helikopta zimechorwa kwenye kompyuta. Damu ni rangi nyekundu iliyojazwa kwenye kondomu, mtu akipigwa risasi inapasuka. Kama nesi wa uzazi wa mpango naomba nikae kimya kuhusu matumizi hayo.

Kilichonipendeza ni sauti ya VJ Emmie. Muvi inaendelea na yeye anaongea juu yake, anasifia, anatania, anawaonya watu wa ndani ya muvi. Yaani kicheko cha kibanda umiza wamekishonea ndani kabisa, ukikaa peke yako bado una mtu wa kukuchekesha. Muvi hiyo imeangaliwa na mamilioni ya watu duniani. Hawakuificha umaskini wake. Walicheka wao kwanza, na dunia ikacheka nao.

8.
Sasa turudi nyumbani kwako, Mbagala, Tandale, Yombo, popote ulipo.

Mtoto mdogo hatenganishi vizuri kilichoigizwa na cha kweli. Wa miaka minne akiona jini linatoka kwenye kioo, usiku kile kioo cha chumbani hakipiti. Atakuja kitandani kwako, atakojoa, atagoma kwenda chooni mwenyewe. Siyo kwamba karogwa. Kaangalia kitu kisicho cha umri wake. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: chini ya miaka miwili, kukaa mbele ya skrini hakupendekezwi kabisa, miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku. Na hiyo saa moja isiwe ya majini, tafadhali. Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri siyo kwa ajili ya mapambo, yaangalieni.

Lakini akifika miaka nane, tisa, kumi, huwezi kumfungia kila mlango. Wewe huna king'amuzi, jirani anacho. Umemnyima simu, kibanda kipo mtaa wa nyuma. Ataziona. Swali ni ataziona na nani.

Kaa naye. Mimi kwangu tuna mchezo, tunauita "kamba iko wapi?" Anayeiona kamba ya kwanza anasema: "Mama, jini lina saa mkononi!" "Mama, maiti imepumua!" "Mama, mbona kakimbia kutoka Kariakoo akatokea baharini?" Mtoto aliyeliona jini lina saa mkononi hawezi kuliogopa tena usiku, maana anajua kuna mtu aliyelivaa, na huyo mtu alikuwa anaangalia muda wa kwenda nyumbani. Bila kumhubiria anajifunza kuuliza: nani kasema? Kajuaje? Mbona hailingani?

9.
Na sasa nafika mahali ambapo mimi mwenyewe huwa naacha kucheka.

Mnaikumbuka hii. Mtoto ana homa. Ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inarusharusha, mapovu mdomoni. Muziki wa kutisha. Bibi anasema, "Hili siyo la hospitali." Wanambeba kwa mganga. Mganga anapuliza moshi, anatikisa usinga, jini linatoka linapiga kelele, mtoto anaamka na kuomba uji. Kama kuna hospitali kwenye hiyo muvi, basi ni ya kuonyesha daktari kashindwa.

Kamba iko wapi hapo? Hiyo ndiyo kamba kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyochekwa, kwa sababu haina kandambili. Imeigizwa vizuri. Na inafanana na maneno tuliyoyasikia tangu utoto.

Lile jambo lina jina, na jina lake ni degedege.

10.
Degedege linawapata zaidi watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, wakiwa na homa. Nyuma yake inaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au homa nyingine iliyopanda. Mara nyingi mshtuko wenyewe unakoma baada ya dakika chache. Hapo ndipo muvi inapomdanganya mama: mtoto angetulia hata bila moshi, lakini sifa kapewa mganga. Na malaria bado iko ndani inaendelea na kazi.

Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliyaandika haya yote: watu kuamini degedege linaletwa na ndege au pepo, mtoto kufukizwa kinyesi cha tembo, mtoto kukojolewa, na ile imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Hiyo ya sindano bado naisikia mpaka leo, wodini, kwa masikio yangu. Nielewe vizuri: dawa ya kwanza ya malaria kali ni sindano, inaitwa artesunate. Watoto waliokufa baada ya sindano, wengi walifika wamechelewa, na sindano ikabeba lawama ya zile saa zilizopotea njiani.

Basi shika haya, na umsomee dada wa kazi na bibi pia:

Mlaze mtoto ubavu, mahali ambapo hataanguka wala kujigonga. Legeza nguo. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala dawa, wala maji, wala titi. Ile ya kijiko nayo ni ya kwenye muvi, inavunja meno na kuziba pumzi. Usimkandamize ili aache kurusha. Angalia saa. Na hata kama ameacha, hata kama ameamka na anakutazama, peleka kituo cha afya muda huohuo, apimwe malaria. Ikifika dakika tano hajaacha, usisubiri aache ndiyo utoke, ondokeni. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea haamki, naye ni wa kukimbizwa hivyohivyo.

11.
Najua yatakayokuja. Kuna watakaosema, "Nesi, kwa hiyo majini hakuna?" Sijasema. Mambo ya imani yako nenda na kiongozi wako wa dini, mimi nina sare ya nesi. Ninachosema ni kwamba dua na bajaji vinaweza kwenda pamoja. Mwombee mtoto mkiwa ndani ya bajaji, dereva aitikie amina, gari linaendelea kusogea. Ila usimpitishe kwingine kwanza.

Wengine watasema, "Si bora tuzifute hizi muvi zote?" Hapana. Ukizifuta, yale maneno ya "hili siyo la hospitali" yatabaki mtaani yalikokuwa kabla televisheni haijafika. Muvi haikuyatunga, iliyaokota tu. Uzuri wa muvi mbovu ni kwamba inayaweka mbele yako, kwenye mwanga, mkiwa mmekaa wote na bakuli la bisi, na unaweza kusimamisha ukasema: "Hebu hapa tuongee." Saa nane ya usiku, mtoto amekakamaa mkononi na majirani wamejaa mlangoni, hakuna muda wa kuongea. Mnayoyakubali mkiwa mnacheka ndiyo mtakayoyafuata siku hiyo.

Na mama mkwe akiwepo, ndiyo vizuri zaidi. Kumbishia mama mkwe usoni ni vita. Kumcheka mganga wa kwenye muvi mkiwa naye, hiyo ni burudani, na neno linamfika bila kumvunjia heshima.

12.
Nyie watengenezaji, kama kuna mmoja kapita hapa: poda endeleeni nayo, kandambili tumezizoea, tunawapenda hivyohivyo. Ila ukitaka kuigiza mtoto mwenye degedege, tafuta nesi yeyote mtaani kwako, mpe soda, atakuambia. Mtoto kapelekwa hospitali, jini mlitoe baadaye, muvi haitaharibika. Na hilo koti la daktari tutawaazima la kuwaenea.

Nyie wazazi, mwisho wa juma huu tafuteni moja mbovu kwelikweli. Wadogo wakishalala, kaeni na wakubwa. Anayeiona kamba ya kwanza aongezewe kipande cha nyama. Mkifika kwenye mtoto aliyekakamaa, simamisheni, muulizeni kila mmoja: sisi tungefanya nini, na kituo cha karibu kinachofungua usiku ni kipi? Namba ya bajaji au bodaboda iandikeni ukutani, karibu na swichi ya taa.

Juma lijalo tunarudi kwenye chanjo. Kwa sasa niandikieni hapo chini: jini bovu kuliko yote mliyowahi kuliona lilikuwa limevaa nini?